Siku ya Maji

Havana, 9 Machi 1997

Dada Nerelys,

Chumba ni changu. Karatasi zilitoka jana, na leo nimeamka nikiwa mtu mwenye mlango wake. Nilidhani nitacheka. Badala yake nilikaa kitandani nikaziangalia kuta moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeachiwa watoto wa mwenzake na hajui nani anakula nini.

Watu wa jengo wanasema nilimwosha na kumlisha mama Obdulia miaka yote ile kwa sababu ya chumba, si kwa sababu alinisimamia ubatizo. Huenda ni kweli. Nilimpenda pia. Mambo mawili yanaweza kukaa chumba kimoja, hasa hapa.

Nikueleze kilivyo, nawe umweleze Yoandri. Kwa chini ni chembamba; kitanda na meza vikiingia, mtu hutoka. Kwa juu ni kama kanisa. Waliojenga walikuwa matajiri wa zamani, walitaka hewa. Sisi tunataka mahali pa kulala. Kwa hiyo Havana nzima hufanya jambo moja: unapachika boriti kutoka ukuta huu hadi ule, katikati ya sakafu na paa, unatandika mbao, unaweka ngazi, na chumba kimoja kinakuwa viwili. Wenyewe wanaita barbakoa. Mimi naita dari, na dari hilo ni la mwanangu. Miaka miwili umenilelea kwa sababu marehemu alilala kitandani nami sakafuni, na sakafuni hapakubaki pa mtu wa tatu. Sasa patakuwepo.

Fundi siwezi kumlipa. Nina nyundo ya marehemu, tindo la kuazima na mikono hii inayonuka chaki. Kwenye kona ya mtaa kuna jengo lililoanguka mwaka juzi, na watu huchota mbao pale kama kuni. Nikitoka shule napita. Misumari naing'oa, nyumbani nainyoosha juu ya jiwe. Juzi Evaristo, jirani wa juu yangu, aliyekuwa kuli bandarini, alinikuta ngazini nikisukumana na boriti.

"Mwalimu, hiyo unaipeleka darasani?"

"Naipeleka nyumbani."

"Boriti ya nyumba iliyoanguka kwenye nyumba isiyoanguka." Akafikiri. "Sawa. Labda imejifunza."

Kisha akashika upande wa pili, tukaipandisha pamoja.

Shule ya watoto wadogo inafunguliwa Septemba. Agosti nitakuja kumchukua. Mwulize ngazi yake niipake rangi gani.

Mdogo wako,
Idalmis


Baracoa, 2 Aprili 1997

Idalmis,

Nimemwuliza. Kwanza alisema bluu, halafu nyekundu, halafu akaenda nje, akarudi, akasema rangi ya mbwa. Sijui mbwa yupi. Hapa mtaani wako watano na hakuna wanaofanana.

Nakutumia kwa mkono wa dereva wa lori madonge manne ya kakao na nazi ya kusaga niliyoipika na asali. Usigawe jengo zima. Nakujua, ukiwa na wasiwasi hugawa chakula.

Eliécer anauliza: hizo boriti zinaingia ukutani kiasi gani, na ukuta ni wa nini? Nimemwambia kwamba shemeji yake amesoma, atakuwa amepima. Akasema kusoma ni kusoma na ukuta ni ukuta. Unajua alivyo, mashua akiitengeneza haiachi mpaka iote jani. Lakini mjibu.

Mtoto hajambo. Anakula. Bado analala katikati yetu, ukumbuke hilo unapomjengea kitanda cha hewani. Na usifanye haraka, mdogo wangu. Nyumba haikimbii.

Nerelys


Havana, 28 Aprili 1997

Dada,

Dari limesimama. Nimelala juu yake jana mchana nikiwa na viatu, maana sikuamini, nikasema nikianguka nianguke nimevaa. Sikuanguka. Mbao zililalamika kidogo kisha zikanyamaza.

Mwambie Eliécer boriti zimeingia urefu wa kiganja. Matundu niliyachonga mwenyewe kwa tindo. Mawili ya kwanza yalinitoa jasho. La tatu lilikuwa jepesi, ukuta ulimeguka kama mkate wa juzi; nikalijaza saruji niliyobadilishana na kopo la rangi, na sasa ni gumu.

Nimeweka na pipa la maji. Hapa maji huja siku moja na kupotea mbili. Yakija ni alasiri, na utajua kwa sababu anayeyasikia kwanza kwenye bomba hupaza sauti, na jengo zima huacha linalofanya. Bi Zoraida wa chini, mwenye ufunguo wa pampu, huinuka kitini kama malkia. Evaristo huimba. Mimi nilikuwa nabeba kwa ndoo, na Bi Zoraida hakupenda.

"Binti, mpaka lini utaomba maji kwa watu? Mwenye chumba bila tangi ni mgeni tu aliyechelewa kuondoka."

Basi nimetafuta pipa la chuma, nimelisugua, nimelipandisha kwenye kona ya dari. Maji yanateremka yenyewe hadi kwenye beseni la vyombo. Kila mtu hapa ana lake huko juu, wengine mawili.

Kuna ufa mdogo, unywele tu, juu ya lile tundu la tatu. Saruji ikikauka hufanya hivyo.

Kuhusu rangi ya mbwa: nimepata rangi ya kahawia iliyobaki shuleni, nikachanganya na nyeupe. Inatoka kama kahawa ya maziwa. Yuko mbwa wa namna hiyo hapo mtaani? Muulize, na uniandikie alichosema neno kwa neno. Sauti yake nimeanza kuisahau, naikumbuka ya miaka miwili iliyopita, na ile si yake tena.

Idalmis


Baracoa, 20 Mei 1997

Idalmis,

Yupo mbwa wa kahawa ya maziwa, wa mwenye duka la mgao. Mtoto amesema, neno kwa neno, "Huyo anauma." Kwa hiyo sijui kama ni ndiyo au hapana.

Alipata homa siku tatu, imekwisha. Sikukuandikia ikiwa ndani yake kwa sababu barua ingefika imeshatoka.

Umeandika mstari mmoja na nusu juu ya ufa na nusu ukurasa juu ya rangi. Tangu utoto, ukivunja kitu husimulia habari za kitu kilichokuwa karibu nacho. Ufa ukoje?

Kuhusu Agosti tutaona. Shule hata hapa zipo.

Nerelys


Havana, 3 Juni 1997

Dada,

Ufa si kitu. Nimepaka plasta juu yake, huoni tena hata ukitafuta. Ngazi imekauka vizuri. Nimetengeneza na ukingo wa mbao kuzunguka dari, kimo cha kifua cha mtoto, asije akabingirika.

"Tutaona" ndiyo nini? Nakuja Agosti.

Idalmis


Havana, 11 Juni 1997

Dada,

Barua hii najua sitaipeleka posta, kwa hiyo naweza kuandika.

Juu ya ufa niliweka kile wanachokiita hapa shahidi. Unakoroga jasi, unapaka kipande chembamba kukatiza ufa, unaandika tarehe juu yake kwa penseli. Jasi haivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, inakatika, na wewe unajua. Nimeweka watatu. Wote watatu wamekatika.

Wa kwanza nilijiambia nilikoroga vibaya. Wa pili nilijiambia lori lilipita. Wa tatu nilikuwa nimekaa mbele yake nikisahihisha kazi za wanafunzi, na nje wakapaza sauti kwamba maji yamekuja, na Evaristo akaanza kuimba, na pampu ikanguruma, na watoto wakakimbia ngazini. Nilisikia maji yakiingia katika pipa langu, na lake juu yangu, na la chumba cha pembeni. Nikasikia mlio mdogo. Nilipoinua macho tarehe yangu ilikuwa vipande viwili.

Basi nikafikiri kama ninavyowafundisha watoto kufikiri. Pipa moja lililojaa ni uzito wa wanaume watatu walioshiba. Kila chumba kina dari, kila dari lina pipa. Siku ya maji umati mzima hupanda jengo letu na kusimama mabegani mwake bila kusema neno. Siku mbili zinazofuata tunaoga, tunapika, tunafua, na umati unashuka polepole kupitia bomba la maji machafu. Kisha unapanda tena. Jengo hili huwa zito kuliko siku zote katika saa ile tunayofurahi kuliko saa zote. Hakuna anayelijua hilo, kwa sababu saa ile hakuna anayeangalia ukuta.

Na ufa unaanzia kwenye tundu langu. La tatu. Lile jepesi.

Nikienda ofisi ya nyumba, mkaguzi atakuja na chaki nyekundu, ataandika kwamba jengo halifai, na sote tutapelekwa makazi ya muda. Dada yake Bi Zoraida alipelekwa huko kijana, sasa ana wajukuu huko. Pazia ndilo ukuta wao. Nikinyamaza, kila siku ya maji nitakaa mbele ya ukuta nikisubiri. Nikikwambia wewe, hutamleta mtoto, na utakuwa na haki.

Uliniambia nyumba haikimbii. Ni kweli. Ninayetaka kukimbia ni mimi, na nyumba ndiyo kitu pekee nilicho nacho cha kukimbilia.

I.


Baracoa, 19 Juni 1997

Idalmis,

Umeniuliza "tutaona" ndiyo nini. Nimekaa na swali lako wiki nzima, Eliécer amechoka kula chakula kilichoungua.

Ndiyo hii. Nimemwandikisha Yoandri shule ya hapa. Mwezi wa nne. Kabla ya homa, kabla ya ufa, kabla ya yote. Mwalimu aliniuliza jina la mama nikataja lako, kisha akauliza nani atamleta asubuhi nikataja langu, na njiani kurudi nyumbani nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Ananiita mama. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Sasa simsahihishi. Ukitajwa wewe anakwita Mama Idalmis wa Havana, kama mtu wa redioni.

Na kuna hili, baya kuliko hayo. Ulipoandika juu ya ufa nilifurahi. Nilisema moyoni, ukuta ukiwa mbovu sitalazimika kumnyima mtu chochote, ukuta utamnyima kwa niaba yangu. Nikaomba uwe mbovu. Nilimwombea mdogo wangu nyumba mbovu. Halafu ukaandika kwamba si kitu, na nikakasirika, na hasira ile ndiyo iliyonionyesha.

Sijui nifanye nini. Niandikie. Usiandike juu ya rangi.

Nerelys


Havana, 1 Julai 1997

Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama ngazini kwa sababu sikuweza kungoja kufika mlangoni. Kisha nikaingia, nikainua godoro, nikatoa barua niliyokuandikia tarehe 11 Juni. Nimeiweka humu. Isome kwanza, halafu rudi hapa.

Umeshaisoma. Basi unajua nilikudanganya, na unajua kwa nini.

Sikwenda ofisi ya nyumba, na sikunyamaza pia. Nilianza na pipa langu. Nililimwaga, nikaliteremsha hadi uani. Bi Zoraida akaniuliza kama nahama. Nikamwambia, na nikaenda kwa Evaristo nikamwambia. Alicheka mpaka mkewe, Migdalia, akatoka kuona.

"Mwalimu anataka tuteremshe matangi. Tubebe kwa ndoo, kama babu zetu."

"Babu zako walikuwa na maji?" Migdalia akamwuliza.

"Walikuwa na migongo."

Bi Zoraida hakucheka. Alikuwa na hoja. "Maji yakikaa uani ni ya kila mwenye kikombe. Nimeishi na watu hawa, binti. Wema wao unaishia kwenye kifuniko cha tangi."

Nikawaomba jambo moja tu: siku ya maji inayofuata waje chumbani kwangu wakae mbele ya ukuta. Nilipaka shahidi mpya, nikaandika tarehe. Bi Zoraida alimwachia jirani ufunguo wa pampu, akapanda ngazi ambazo goti lake lilikuwa limezikataa kwa miaka. Evaristo alikuja na kiti chake.

"Nimekuja sinema," akasema. "Inaanza saa ngapi?"

"Tangi lako likijaa."

"Na kama mhusika mkuu asipokufa?"

"Nitakuomba radhi uani, mbele ya watu wote."

"Hiyo ningeilipia kiingilio."

Maji yakaja. Huko juu Migdalia alifungulia, tukasikia yakigonga chuma kitupu, kelele nyembamba, kisha sauti ikaanza kunenepa. Evaristo alifanya mzaha mmoja, Bi Zoraida akamfinya. Nilikuwa naomba, dada, na sikujua naomba nini. Ikikatika, nyumba yangu ni mbovu. Isipokatika, mimi ni kichaa, na ukuta utaendelea bila mtu wa kuusikiliza.

Ilikatika. Mlio wake ni kama wa mtu anayevunja biskuti mfukoni akijificha. Mstari ulipita katikati ya tarehe.

Evaristo hakunitazama. Alitoa sigara mdomoni, akaita juu kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Migdalia. Funga maji. Polepole, mama. Na mwambie huyo mtoto hapo juu aache kuruka."

Walipoangalia ule ufa tena walikuwa watu wengine. Evaristo akapitisha kidole toka kwenye tundu langu mpaka kwenye mhimili mkubwa unaobeba chumba chake. Nilingoja aseme ni kosa langu. Alisema, "Kwangu nimechonga sita." Bi Zoraida akasema kwake alichonga mumewe, na alichonga amelewa.

Mhimili ule unahitaji nguzo za kuuegemeza, mbao nene za kusimama. Evaristo akakuna kichwa, mbao za namna hiyo zitatoka wapi.

"Zipo," nikasema.

"Wapi?"

"Tumekaa chini yake."

Wakainua macho wote wawili. Hakuna aliyenishauri, dada, na hakuna aliyenizuia. Dari tulilibomoa kwa siku mbili. Boriti zangu tatu, tulizoziunga kwa mbao za dari zifike juu, sasa zimesimama katikati ya chumba zikishika mhimili, na matundu nimeyaziba kwa matofali. Ukingo niliomtengenezea mtoto umekuwa kabari za chini ya nguzo. Chumba kimerudi kuwa kanisa. Ngazi ya rangi ya mbwa imeegemea ukutani na haiendi popote.

Matangi yote yako uani, kila moja na kufuli. Evaristo amefunga kapi juu ya ngazi, na kwa kamba yake tunapandishia ndoo. Wiki ya kwanza walishagombana. Migdalia anasema kuna mtu ananawa miguu kwa maji yake. Ofisi ya nyumba tumewaandikia kwa pamoja, tunaomba vyuma vya kuegemeza, hatuombi makazi. Hawajajibu.

Sasa unayo sababu niliyoogopa kukupa. Itumie ukitaka. Ila ujue kwamba namtaka bado. Alale nami kitandani, upande wa mlango wa barazani, mbali na ukuta. Kunizoea atanizoea polepole, na akikwita mama mbele yangu nitaweza kukaa nalo. Siwezi kusema halitaniuma.

Idalmis


Baracoa, 12 Julai 1997

Idalmis,

Ile barua ya chini ya godoro nimeisoma mara mbili, na kila mara nimekasirika kwa jambo tofauti. Mara ya kwanza kwa sababu ulinidanganya. Mara ya pili kwa sababu ulikuwa peke yako.

Eliécer amesoma ile ya pili. Akasema, "Kubomoa ndiko kazi." Kwake hiyo ni hotuba.

Sikiliza. Wewe umedanganya kuhusu ukuta na mimi nimedanganya kuhusu mtoto, kwa hiyo tusitegemee neno la yeyote kati yetu. Weka shahidi mpya. Mwache mpaka maji yaje mara sita. Kisha niandikie ulichokiona. Kama ni mzima, namleta mimi mwenyewe, sitaki uje kumchukua kama mzigo uliosahaulika stesheni. Kama amekatika, anaanza shule hapa, na wewe utakuja likizo, na tutaacha kuvutana.

Nimempa mtoto habari za dari. Ameuliza ngazi imekwenda wapi. Nimesema ipo. Akasema, "Basi."

Nerelys


Havana, 8 Agosti 1997

Dada,

Maji yamekuja mara sita.

Shahidi nilimpaka siku ileile barua yako ilipofika, mara mbili ya upana wa wale wengine. Kila siku ya maji nimekaa mbele yake. Mara ya kwanza Evaristo alikaa nami, mara ya pili alimtuma Migdalia, tangu hapo kila mtu akipita mlangoni anauliza, "Mgonjwa vipi?" nami nasema amelala. Uani matangi yalijaa, watu wakagombana, ukuta ukanyamaza. Mara tano ulinyamaza kabisa.

Jana ilikuwa ya sita. Sikusikia chochote. Lakini leo asubuhi, jua lilipoingia kwa ubavu, nimeona mstari kwenye jasi.

Ni mwembamba, kwa kucha siuhisi. Haufuati ufa. Unaanzia ukingoni juu na kufa kabla ya kufika katikati. Huenda ni jasi imekauka haraka kwa joto hili la Agosti, nilipaka nene kuliko kawaida. Huenda si hivyo. Evaristo anasema si kitu. Bi Zoraida anasema yeye asingeuita kitu, ila asingeuita si kitu. Nimeweka wa pili kando yake, mwembamba, ili wawili wasemezane.

Nilikuwa nimeshakuandikia "mzima". Neno moja, na chini yake jina langu. Ilikuwa karibu kuwa kweli. Karatasi ile nimewashia jiko.

Niliyoyaona ndiyo hayo. Uamuzi ni wako, na sitauliza mara mbili.

Idalmis


Baracoa, 17 Agosti 1997

Idalmis,

Tunakuja. Mimi, mtoto, na Eliécer aliyekataa kubaki; anabeba jeki ya mashua kwenye gunia la mihogo na anadhani hakuna atakayeiona. Tunapanda lori hadi Guantánamo, kisha treni, na treni itafika itakapopenda.

Ungeandika "mzima" nisingekuja. Nilikuwa nimejiapiza: akiniambia hakuna hata alama, baada ya mara sita, katika jengo lile, nitajua bado anasimulia rangi. Nilifungua barua nikilitafuta neno hilo. Nilipofika kwenye mstari wako usiofika katikati, nilikaa chini nikalia, Eliécer akadhani kuna mtu amekufa.

Sijaamua habari ya shule. Jina lake lipo hapa na linaweza kufutwa. Nataka kwanza kuuona ukuta kwa macho yangu, na kukuona wewe na yeye mkiwa mbele ya sahani moja. Kulala, sote tutalala upande wa baraza, na Eliécer atalala chini ya nguzo zako kwa sababu hatalala kwingine. Kama itakuwa hivi au vile tutasemezana hukohuko, si kwa barua. Barua zetu zimetuchosha.

Nimemwambia mtoto tunakwenda kwa mama yake. Ameuliza, yule wa Havana? Nikasema, huyohuyo. Amechukua kopo la kakao, amemwaga kakao, amekaa nalo mlangoni. Anasema ni la kubebea maji ngazini.

Siku tutakayofika, ikiwa ni siku ya maji, usije stesheni. Kaa na ukuta. Njia tutauliza.

Dada yako,
Nerelys